Tulipe Kwanza, Ndipo Tuimbe

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Yubile ya Miaka 25

 

 

Kwaya hii ilianza na watu kumi na mmoja na ngoma moja ya kuazima. Ngoma hiyo ilichukuliwa kwa mwenyewe kila Jumapili asubuhi na kurudishwa jioni. Leo tuko arobaini na wawili, tuna vyombo vyetu, na Mungu ametufikisha miaka ishirini na mitano. Historia hiyo mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tulipewa dakika ishirini na kichwa cha habari: kuwa mfano mwema katika maisha ya kila siku.

Wanakamati tuliketi jioni tatu kutayarisha maneno haya. Jioni ya kwanza tuliandika mambo mazuri, ya kwamba Mkristo ni chumvi, ni taa, ni barua inayosomwa na watu wote. Yote ni kweli, na yote mmeyasikia. Jioni ya pili mmoja wetu aliuliza, "Je, habari ya fundi tutaitaja?" Tukanyamaza wote. Katika ukimya huo tulijua kwamba hakuna hotuba nyingine tunayoweza kuitoa kwa haki mbele yenu. Basi tuvumilieni, tuwaeleze.

Habari ya fundi

Miaka minane iliyopita tuliamua kushona sare mpya. Mnaikumbuka sare ile ya rangi ya damu ya mzee, yenye kola nyeupe. Tulikuwa watu thelathini na wanne, na kila sare iligharimu shilingi 2,000, jumla shilingi 68,000. Tulimpa kazi mama mmoja mwenye cherehani mbili katika kibanda karibu na soko. Tulimlipa 30,000 za kuanzia, tukaahidi kumaliza 38,000 zilizobaki ndani ya mwezi mmoja. Mama huyo alikuwa akiabudu nasi. Alituamini, akatupa sare zote kabla hatujamaliza kulipa. Alisema, "Ninyi ni watu wa kanisa, mtaenda wapi?"

Wanakwaya wengi walileta pesa zao kwa wakati, hilo lazima lisemwe. Lakini kukatokea tamasha la kwaya mjini Meru, nasi tulihitaji matatu mbili na chakula cha safari. Tukachukua pesa za sare, tukisema tutazirudisha mchango ukipatikana. Tulikwenda tukiwa tumependeza, tukaimba vizuri, tukarudi na kikombe. Pesa hazikurudi.

Mwezi mmoja ukawa miwili, miwili ikawa sita. Fundi alimpigia simu mweka hazina, akaambiwa subiri. Alimpigia mwenyekiti, akaambiwa muulize mweka hazina. Baadaye baadhi yetu tulianza kupita njia ya nyuma ya soko ili tusipite mbele ya kibanda chake. Kila Jumapili tulisimama madhabahuni na sare zake, naye alikuwa ameketi safu ya nne, akitutazama. Baadaye akaacha kuja. Hatukuuliza kwa nini. Katika mkutano mmoja wa kwaya, tunaona haya kusema, ilisemwa kwamba labda amerudi nyuma kiimani, tumwombee. Tukamwombea.

Siku moja ya Jumanne, katikati ya muhula, mmoja wetu alimkuta msichana wa fundi kwenye stendi ya magari, amevaa sare ya shule, ameketi juu ya sanduku lake. Alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mwenzetu alimwuliza mama yake anapangaje. Msichana akajibu kwa adabu, bila hasira yoyote, "Mama anasema anangojea pesa za kwaya."

Mwenzetu huyo alileta maneno hayo mazoezini siku ya Alhamisi. Hapo ndipo tulipofuatilia na kujua mengine. Kitambaa cha sare zetu fundi alikinunua kwa mkopo wa chama chake. Aliposhindwa kurejesha, wenzake wa chama walichukua mashine yake ya pili, ile ya kupiga ovaloki. Tangu hapo alikuwa akipeleka nguo kwa fundi mwingine na kulipia kazi ambayo zamani aliifanya mwenyewe. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita. Mmoja wetu alipomwendea kuuliza habari zake, fundi alimwambia, "Nikisikia mkiimba kwenye spika, ninasikia cherehani yangu."

Ndugu zetu, katika miaka ishirini na mitano tumehubiriwa mara nyingi. Mahubiri yale ya maneno machache yalitupata kuliko yote.

Tulipokutana, maneno yalikuwa mengi. Kuna aliyesema deni ni la kwaya, si la mtu. Kuna aliyesema yeye alishalipa 2,000 zake, hahusiki. Kuna aliyeuliza nani alikuwa mweka hazina. Mabishano yakapanda. Ndipo mama mmoja, mkubwa wetu katika sauti ya alto, akafungua fundo la leso yake, akaweka shilingi 1,500 mezani na kusema, "Sisi sote tuliivaa." Hakusema lingine.

Tulikuwa na shilingi 25,000 tulizoziweka kwa ajili ya kupiga video ya nyimbo zetu. Video hiyo haikupigwa mpaka leo. Tulizichukua zote, tukachanga 13,000 nyingine katika wiki tatu, na Jumamosi moja watu wanne tulikwenda kibandani. Tuliomba msamaha kwa jina la kwaya. Fundi alihesabu pesa mara mbili, akaandika risiti. Hakulia, hakutukumbatia, wala hakusema yamekwisha. Alimtazama mmoja wetu aliyekuwa amevaa ile blauzi akasema, "Kifungo cha mkononi kimelegea. Vua, nikikaze."

Hatutaki kuipamba habari hii. Fundi hakurudi kuabudu nasi. Anaabudu kwingine, na Mungu wake ni yule yule. Ile mashine hakuirudishiwa, alinunua nyingine baada ya muda mrefu. Binti alimaliza shule, ila muhula ule alioupoteza haukurudi. Kulipa deni ni jambo jema, lakini kulipa hakurudishi miezi kumi na minne. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tulikopa tukiwa na vifijo, na matanga yalikuwa nyumbani kwa mtu mwingine.

Tarumbeta ya yubile

Kwa nini tunasema haya siku ya furaha? Kwa sababu ya neno hili lenyewe, yubile.

Fungueni kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25. Mungu aliwaagiza Waisraeli wahesabu miaka saba mara saba, kisha mwaka wa hamsini wautakase. Sisi leo tuna nusu ya miaka hiyo, kwa hiyo tunaomba tuhesabiwe kama wanafunzi. Wengi hulihusisha neno yubile na pembe ya kondoo dume iliyopulizwa kama tarumbeta. Tunaweza kusema, basi, kwamba yubile inaanza na muziki. Sisi wanakwaya tunalipenda jambo hilo.

Lakini tazameni siku ambayo tarumbeta ilipigwa. Ilipigwa Siku ya Upatanisho, siku ya watu kuungama dhambi zao. Kisha tazameni kilichofuata baada ya sauti yake. Aliyekuwa ameuza shamba kwa shida alirudishiwa. Aliyekuwa amejiuza awe mtumwa alirudi kwa jamaa yake. Katika sura hiyo hiyo watu wanaagizwa wasipunjane wanapouziana, na wasimle ndugu aliyeanguka kwa riba. Tarumbeta ilikuwa tangazo la mambo yaliyopaswa kufanyika mashambani, masokoni na majumbani. Kama pembe ingepigwa na kisha shamba lisirudi, ile ingekuwa kelele tu.

Nabii Amosi aliyasema hayo kwa ukali zaidi katika sura ya 5. Kwa kinywa chake Mungu aliwaambia watu waziondoe kelele za nyimbo zao, kwa kuwa haki haikuwako. Sisi tunaoimba tuusome mstari huo kila mwaka. Mungu hakulalamika kwamba sauti hazikupatana. Huenda zilikuwa nzuri sana.

Naye Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 5, alimwambia mtu aliye na sadaka madhabahuni akumbukapo kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza akapatane, kisha arudi aitoe. Wimbo ni sadaka. Sisi tuliimba miezi kumi na minne huku mwenye neno juu yetu ameketi safu ya nne.

Kanisa letu lilivyofundishwa

Sisi Wamethodisti tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Makundi yetu madogo tunayoyaita madarasa yalizaliwa kutokana na deni. Mwezi wa Februari mwaka 1742, mjini Bristol huko Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikutana kushauriana jinsi ya kulipa deni la jengo lao la ibada. Mmoja wao, nahodha aliyeitwa Foy, alipendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akasema wako maskini wasioweza. Foy akajibu kwamba yeye apewe watu kumi na mmoja walio maskini zaidi. Atawatembelea kila wiki, na wasioweza atawalipia mwenyewe.

Hivyo viongozi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya peni. Walipoingia majumbani waliona mambo ambayo hayaonekani kanisani: huyu anagombana na mkewe, yule amerudia ulevi. Wesley alipoletewa habari hizo alitambua kwamba amepata njia ya kuwachunga watu. Mkutano wa darasa, ambapo mtu huulizwa hali ya roho yake, ulitoka hapo. Deni lilifungua mlango wa nyumba, na nyumba ikaonyesha imani ilivyo.

Mwaka uliofuata, 1743, Wesley aliandika Kanuni za Jumla. Ni tatu: kutodhuru, kutenda mema, na kudumu katika ibada na njia nyingine za neema. Chini ya ile ya kwanza alitaja makosa kwa majina, na mengi ni mambo ya dukani. Alikataza kununua au kuuza mali isiyolipiwa ushuru, kubishana kwa maneno mengi katika biashara, na kukopa au kuchukua bidhaa pasipo tumaini la kulipa. Kabla Wamethodisti wa kwanza, Thomas Wakefield na wenzake, hawajafika Ribe kule pwani mwaka 1862, kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa zaidi ya miaka mia moja. Sisi tulikuwa nayo tangu tulipobatizwa. Tulichukua sare kana kwamba hatujawahi kuisikia.

Wazee wetu pia wanawakumbuka Ndugu wa Uamsho. Uamsho ule ulioanza Rwanda na Uganda karibu mwaka 1930 na kuingia Kenya mnamo 1937 ulijulikana kwa wimbo wake wa sifa, lakini ulijulikana pia kwa jambo lingine. Mtu akiokoka alirudisha alichoiba. Wengine walirudisha mali ya waajiri wao, wengine walilipa madeni ambayo mwenye kudai alikuwa ameshayasahau. Waliita kutembea nuruni. Majirani wasiojua lolote kuhusu theolojia walielewa kitu kilichorudishwa mlangoni.

Hata hapa Maua, Wamethodisti walipoanza kazi ya hospitali mwishoni mwa miaka ya 1920, mgonjwa alihitaji kwanza mkono uliojua kufunga kidonda na mtu aliyeamka usiku anapoitwa. Mpaka leo mgonjwa husoma Injili ya muuguzi katika namna anavyomjibu saa tisa za usiku.

Maua yetu ya kila siku

Sasa tuseme juu ya wiki yetu. Tunaimba kanisani kama saa moja. Saa nyingine zote tunaishi mbele ya watu wa mji huu, na Maua ni mji unaojuana.

Kondakta akikurudishia chenji iliyozidi, hapo ni wimbo. Pesa ikiingia kimakosa kwenye simu yako kupitia M-Pesa, na mwenye pesa anakupigia akitetemeka, jinsi unavyomjibu ni wimbo. Mkulima anayetia majani magumu ya chai chini ya mazuri kwenye kikapu, na anayefunga miraa nzuri juu na mbovu katikati, wote wanaimba, na mnunuzi anasikia. Mzee anayekutana na mtoto wa jirani akichuma miraa saa nne asubuhi siku ya shule, akapita kimya kwa sababu mtoto si wake, naye amenyamaza pale penye sehemu yake ya kuimba.

Mwalimu anayeingia darasani kengele ikilia na mwalimu anayebaki ofisini akimalizia chai hawafundishi kitu kimoja, hata wakitumia kitabu kimoja. Mwenye kibarua shambani anayelipwa jioni ile ile, na mwenye kibarua anayeambiwa "njoo kesho" mara tatu, wanarudi kwao na habari mbili tofauti kuhusu Wakristo. Msichana anayetusaidia kazi za nyumbani ndiye anayetujua zaidi ya mchungaji. Kama tungetaka ushuhuda wa kweli wa maisha yetu, tungempa yeye hii maikrofoni.

Kuna madeni yasiyo ya pesa pia. Kwaya inayoalikwa arusini saa nne na kufika saa saba inadaiwa saa tatu na bibi arusi. Aliyemsema mwenzake mbele ya watu na kumwomba radhi pembeni bado ana salio. Mume anayesifiwa kwa sauti ya besi kanisani na kuogopwa na watoto wake jikoni ana deni kubwa kuliko la fundi wetu. Methali yetu yasema ahadi ni deni. Hebu kila mmoja ahesabu ahadi zake.

Kwa aliyeshindwa

Hapa tunataka kusema kwa upole, kwa maana wako hapa ndani wanaodaiwa na hawana. Hatukusudii kumwongezea mtu mzigo siku ya sherehe.

Tunajua jinsi pesa zinavyokauka Maua. Mwaka 2014 Uingereza ilipopiga marufuku miraa, na tena mwaka 2020 safari za ndege za kupeleka miraa Somalia ziliposimama, madaftari ya madeni katika maduka yetu yalijaa majina ya watu waaminifu. Mtu hakuiba, soko lilifungwa. Kuna aliyeuguza mzazi, kuna aliyefiwa, kuna mwenye chai anayengoja bonasi ambayo tayari imeshagawanywa kabla haijafika.

Kukosa pesa si dhambi. Dhambi yetu sisi haikuwa umaskini. Pesa za fundi tulikuwa nazo mkononi, tukazipeleka Meru. Na hata baada ya hapo, jambo lililomwumiza zaidi lilikuwa kule kupita njia ya nyuma ya soko. Fundi alituambia baadaye kwamba kama tungekwenda mwezi wa pili, tukamwambia kweli, tukampa hata 2,000, angewaambia wenzake wa chama kitu. Sisi tulimwacha bila pesa na bila neno.

Kwa hiyo unayedaiwa na huna, mfano mwema unaoweza kuutoa kesho asubuhi hauhitaji shilingi. Pita mbele ya duka. Simama. Sema, "Sijasahau. Sasa sina. Nitaleta kidogo siku fulani." Kisha ufike siku hiyo, hata na kidogo.

Na ninyi mnaodai, Walawi 25 inawahusu ninyi kuliko wote. Ndugu aliyeanguka ashikwe mkono. Ikiwa unaweza kungoja, ngoja. Ikiwa unaweza kusamehe, siku ya yubile ni siku nzuri ya kuchana ukurasa mmoja wa daftari.

Tulivyojifunga tangu wakati ule

Baada ya mambo ya fundi, tuliweka taratibu nne. Tunazisema hadharani ili mtushike nazo.

Kwanza, hatuvai, hatupigi wala hatupandi kitu ambacho hatujakilipia au kupatana wazi na mwenyewe jinsi ya kukilipia.

Pili, pesa zilizotolewa kwa jambo moja hazihamishwi kwa jambo lingine mpaka kwaya nzima ikubali, na kila mwisho wa mwezi mweka hazina husoma taarifa ya M-Pesa na ya benki mbele ya wote, mstari kwa mstari.

Tatu, tukialikwa mahali tunafika saa tuliyoahidi. Tukishindwa, tunapiga simu kabla ya saa hiyo, wala si baada yake.

Nne, mazoezi ya Alhamisi huanza kwa swali moja: je, kuna mtu mwenye neno juu yetu? Mara nyingi jibu ni hapana. Mara nyingine mazoezi yamechelewa nusu saa kwa sababu ya swali hilo, na kuna Jumapili moja ambayo mliuliza kwa nini tumeimba wimbo mmoja tu. Wawili wetu walikuwa nje chini ya mti, wakipatana. Tuliona heri mkose wimbo wa pili.

Hatusemi tumefika. Mwaka jana tulichelewa arusi moja, na tuliwaandikia wenyewe barua ya kuomba radhi. Lakini tunaendelea kuuliza swali.

Neno la mwisho

Hema hili mnaloketi chini yake limelipiwa. Viti vimelipiwa. Vyombo vya sauti, mchele, ng'ombe na keki vimelipiwa, na risiti ziko kwa mweka hazina, yeyote anayetaka kuziona anakaribishwa. Kama yuko mtu hapa mwenye neno juu ya kwaya hii, la pesa au la moyo, tunamwomba atuambie leo kabla hatujakata keki. Tutamsikiliza.

Kuna jambo moja zaidi. Sare hizi za bluu tulizovaa asubuhi hii zimeshonwa na fundi yule yule. Tulipokwenda kumwuliza kama atakubali tuliogopa, na tulikuwa tumejiandaa kukataliwa. Alituuliza tuko wangapi na tunazitaka lini. Tulilipa zote kabla ya sare ya kwanza kutoka kibandani. Alizikunja moja moja, na tulipokuwa tukiondoka alituita turudi: alikuwa ametuandikia risiti, na hatukuwa tumeikumbuka.

Ndugu wapendwa, tunawaomba zawadi moja ya yubile kutoka kwenu. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu amwendee mtu mmoja. Mwenye duka, kibarua, jirani, ndugu wa tumbo moja, mtoto wako mwenyewe. Lipa ulichonacho, au sema neno ulilolikwepa, au futa unachodai. Kisha njoo Jumapili tuimbe pamoja. Tunaamini tutaimba vizuri zaidi.

Wale kumi na mmoja wa kwanza hawakuwa na sare, wala kipaza sauti, wala kikombe cha ushindi. Walikuwa na ngoma ya watu, na kila Jumapili jioni waliirudisha kwa mwenyewe. Bwana atusaidie kufanana nao katika miaka ishirini na mitano ijayo.

Mungu awabariki sana. Amina.